Spana Namba Kumi ya Valmor

Gari liligoma tena.

Valmor Antunes alizungusha ufunguo. Stata ikalia, injini ikakohoa, ikanyamaza. Akangoja kidogo. Akazungusha tena. Stata ikalia kwa kujivuta, kama mtu anayeamshwa na hataki. Nje majani yalikuwa meupe kwa jalidi, na kioo cha mbele kilikuwa kimeganda. Kanisa liko juu kilimani, njia yote ya mawe, na padri hufika siku moja tu katika mwezi. Saa hiyo padri alikuwa anavaa kanzu yake. Angesoma majina ya marehemu, na jina la Nelci lingesomwa, na mume wake yuko uani kwake, ndani ya gari, amevaa koti la misa, anapiga usukani ngumi.

Hiyo ilikuwa misa ya Juni. Ya Mei nayo aliikosa hivyo hivyo.

Jua lilipopata nguvu, jirani akaja kulisukuma. Likawaka. Likanguruma vizuri, halikuwa na kasoro hata moja. Jirani akapangusa mikono.

"Basi si hilo, mzee. Nenda."

"Niende wapi? Misa imekwisha."

Akalizima. Akaingia ndani, akavua koti, akalitundika. Hakula siku hiyo mpaka jioni.

Gari lenyewe ni la aina hii yetu, linalokunywa chochote. Petroli, spiriti ya miwa, au vyote viwili vimechanganywa. Mtu anatia kilichopo. Kompyuta ya injini inanusa moshi unaotoka, inajua yenyewe imelishwa nini, inapima ipasavyo. Chini ya boneti kuna kitangi kidogo cha petroli, cha kuwashia asubuhi za baridi tu, kwa sababu spiriti ikipoa haishiki moto upesi. Valmor alikuwa anakikagua kitangi kile kila mara. Kilikuwa kimejaa. Mei kilikuwa kimejaa, Juni kimejaa. Jambo hilo lilimkera, lakini hakujua aliulize kwa nani.

Hakuwa mtu wa kuuliza sana. Maisha yake yote aliyamaliza kwenye kiwanda cha mbao, akipanga mbao za msonobari juani zikauke, kuzigeuza na kuzipanga tena. Shule hakuikalia. Msumeno ulimla ncha ya kidole kimoja, na hilo nalo hakulisimulia sana. Alipokuwa bado bwana harusi mpya, lori la kiwanda liliungua ndani ya banda, likaungua na banda lenyewe na mbao zote zilizokuwamo. Waya wa betri ulikuwa umechubuka ukagusa chuma, basi. Valmor alirudi nyumbani amejaa masizi, nyusi zimeungua. Nelci alimwosha kwa maji ya moto bila kusema neno. Kesho yake jioni, Valmor aliporudi na kigari chao chakavu cha wakati ule, sauti ikamfuata kutoka jikoni:

"Umefungua waya?"

Hakuwa ameufungua. Akatoka akafungua.

Ikawa hivyo. Magari yalikuja yakaenda, Nelci akazeeka, na swali likabaki lile lile. Kila jioni Valmor alifungua boneti, akatoa spana namba kumi mfukoni mwa koti, akalegeza waya wa betri, akauvua, akauweka pembeni. Asubuhi aliurudisha. Na kila jioni:

"Umefungua waya?"

"Nimefungua."

Halafu ndipo wanakula.

Kitu kingine Nelci alichokishikilia ni petroli. Baba yake alikuwa mlevi wa pombe ya miwa, mlevi wa kupiga watu. Magari haya yalipoanza kuja, kila mtu akakimbilia spiriti. Nelci aliinusa mara moja pale kituoni, akateremka garini.

"Harufu ya baba yangu hiyo. Ukitia hiyo, mimi natembea kwa miguu."

Valmor akatia petroli. Akatia petroli miaka yote.

Nelci alikufa Julai, mwaka jana, wakati wa baridi. Wiki chache baada ya mazishi Valmor alikwenda kujaza mafuta. Mhudumu wa pampu akainama dirishani.

"Tukutilie nini, mzee?"

Valmor akatazama kiti cha pembeni. Kilikuwa kitupu.

"Tia wanachotia watu," akasema.

Kukawa na joto baada ya hapo, miezi ya jua. Gari likawa linakohoa asubuhi, linakataa, linakubali. Hakulijali. Kuna mambo mengi hakuyajali miezi ile. Baridi ilipoteremka Mei, likagoma kabisa.

Alilipeleka kwa Dirceu. Dirceu ana gereji pale darajani, mtu mnene, maneno mengi, mkono mzuri. Akabadilisha plagi. Gari likarudi nyumbani, asubuhi likagoma. Akabadilisha betri. Likagoma. Akasafisha nozeli za mafuta, akachomeka kile kimashine chake cha kusoma kompyuta, akakuna kichwa.

"Haina malalamiko. Kompyuta inasema haiumwi."

"Kompyuta inasema. Na mimi nasema haliwaki."

"Niachie, mzee. Lilale hapa."

Likalala gerejini. Asubuhi palikuwa na jalidi kama ya nyumbani, na Dirceu akazungusha ufunguo mbele ya Valmor. Likawaka papo hapo. Likalala tena. Likawaka tena. Watu waliokuwa mlangoni wanakunywa chai ya moto iitwayo mate, kwa mrija kwenye kibuyu, wakipokezana, wakaanza kucheka.

"Huenda linamwogopa jogoo wako, mzee Valmor!"

"Jogoo nilimla zamani," Valmor akasema.

"Basi ndiyo sababu, linalia msiba!"

Mwenye kusema akamkumbuka Nelci, akatazama kibuyu chake. Dirceu akamsindikiza Valmor mpaka garini, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Nisikilize usikasirike. Kwangu linawaka kila asubuhi. Kwako haliwaki. Gari halina ugonjwa. Ugonjwa uko nyumbani kwako."

"Yaani mimi."

"Sijasema wewe."

"Umesema nyumbani kwangu. Nyumbani kwangu kuna nani mwingine?"

Valmor akafunga mlango wa gari kwa kishindo, akaondoka.

Rosane, binti yao, anaishi mjini Lages na mumewe na watoto. Habari zilimfikia. Akawa anapiga simu.

"Baba, unapowasha unakanyaga mafuta?"

"Sikanyagi."

"Baba, una hakika hukuacha taa zinawaka?"

"Rosane."

"Nauliza tu."

"Unauliza kama unavyomuuliza mtoto."

"Nauliza kwa sababu umekosa misa ya Mei, umekosa ya Juni, na ya Julai ndiyo ya mwaka wa mama. Nayo utaikosa? Siku likikuzimikia kule mlimani peke yako itakuwaje?"

Valmor akakata simu. Kisha akajuta, lakini hakupiga.

Rosane alikuja mwenyewe Ijumaa, siku mbili kabla ya misa. Alileta blanketi, maboksi matupu na sura ya mtu aliyekwisha kuamua. Valmor aliyaona maboksi. Hakuuliza ni ya nini. Alikuwa amekwenda kujaza tangi lote ili awe tayari kwa Jumapili, akalipaki, akafungua waya kama kawaida, akaingia ndani. Wakala supu. Rosane akasema alipomaliza kula:

"Kuna mtu Lages analitaka gari. Na chumba cha nyuma nimekipaka rangi."

"Chumba cha nani?"

"Unajua cha nani."

"Na mama yako nitamwacha na nani huku?"

"Baba, mama yuko makaburini kanisani, na wewe huwezi hata kufika huko."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Valmor akaangalia jiko la kuni. Juu ya bati lake Rosane alikuwa amepanga mbegu za msonobari za kutafuna, zinaungua upande mmoja, hakuna anayezigeuza.

"Likiwaka Jumapili asubuhi," Valmor akasema, "nakupeleka mimi kwenye misa, na unarudi Lages na maboksi yako."

"Na lisipowaka?"

Akageuza mbegu moja.

"Lisipowaka, uza."

Jumamosi asubuhi akarudisha waya, akazungusha ufunguo, Rosane amesimama mlangoni na shali. Stata ikalia. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Valmor hakupiga usukani safari hii. Alikaa tu na mikono mapajani. Rosane akaona shingo ya baba yake kwa nyuma, ilivyokonda, akaingia ndani akampigia Dirceu simu.

Dirceu alikuja na pikipiki, amejifunga skafu mpaka puani, amenuna.

"Nimekuja nilione likigoma kwa macho yangu."

Akazungusha ufunguo. Likagoma. Akashuka, akalizunguka, akalipiga teke gurudumu.

"Kweli linagoma, shenzi hili."

"Kumbe uliona nakudanganya?"

"Nililiona linanidanganya mimi." Akafungua boneti. Akachungulia kitangi kidogo. "Hiki umekijaza leo?"

"Sijakigusa tangu Mei."

"Hakipungui?"

"Hakipungui."

Dirceu akakunja uso. "Spiriti tupu, jalidi hii, na kitangi hakipungui. Yaani kompyuta hata haimwagi petroli ya kuwashia. Inafikiri imetiwa petroli tangu mwanzo. Imekaza kichwa." Akapapasa mifuko. "Na kimashine nimemwazima shemeji yangu. Haya, tutaifuta kizamani. Spana namba kumi unayo?"

Valmor akaitoa mfukoni mwa koti kabla neno halijaisha.

Dirceu akainama, akalegeza waya wa betri, akauvua, akauweka pembeni.

Valmor alikuwa anamtazama.

"Ndiyo dawa hiyo?"

"Ndiyo. Ukiivua waya, yote iliyojifunza inayasahau. Inaanza upya, haijui imelishwa nini. Inashika tu kwamba ni petroli, mpaka utembee nayo inuse moshi, ijue tena."

"Ukivua waya."

"Ukivua waya."

"Huo unaolipwa kwa kuuvua."

"Mzee, kila kazi—"

"Huo mimi nauvua kila jioni."

Dirceu akainua kichwa, kikagonga boneti. Hakukishika hata.

"Kila nini?"

"Kila jioni. Asubuhi naurudisha."

"Kila jioni!" Dirceu akazunguka uwanja mzima, mikono hewani, akarudi. "Kila jioni! Mimi nimefungua injini ya watu! Nimebadilisha plagi, nimebadilisha betri, nimeota ndoto za gari hili, mke wangu amenihamisha chumba! Kila jioni unaifuta kichwa, unailaza na tangi la spiriti, halafu asubuhi kwenye barafu unaiuliza mbona hujui! Gerejini kwangu nani angeuvua? Lilikuwa linakumbuka! Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Nani anauliza kitu kama hicho? Nani anafanya kitu kama hicho?"

Valmor alichukua spana yake kutoka juu ya betri, akairudisha mfukoni.

Rosane ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni, taratibu.

"Mama alikuwa anauliza."

Dirceu akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akavuta skafu yake chini.

"Lakini mama Nelci alipokuwapo gari liliwaka," akasema. "Miaka yote. Na waya mlikuwa mnavua?"

"Tulikuwa tunavua."

"Basi iweje—" Akatazama kifuniko cha tangi. "Mlikuwa mnatia nini?"

"Petroli," Valmor akasema. "Hakutaka nyingine."

Valmor akaegemea gari. Asubuhi zote zile kompyuta ilikuwa inaamka haina kumbukumbu, inashika kwamba ni petroli, na kweli ilikuwa petroli. Maneno mawili ya Nelci yalikuwa yanashikana chini ya boneti, na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Moja Valmor alilishika. Lingine aliliacha pale pampuni, siku ambayo hakujali.

Hakufurahi. Alikasirika hasira ambayo hakupata pa kuitupa. Mei. Juni. Kwa kitu hiki.

"Sasa tangi limejaa spiriti," Dirceu akasema, kwa sauti ya mgonjwa aliyepona nusu. "Na misa ni kesho. Jua likipanda tulisukume, uende nalo barabara kuu, mbali, bila kuzima, mpaka lijue linakula nini. Halafu ulipaki. Na waya usiuguse. Mzee Valmor, unanisikia? Usiuguse."

"Nasikia."

"Au niondoke na spana?"

"Spana ni yangu."

Walikwenda barabara kuu, baba na binti, wakapita mashamba ya tufaha yaliyopukutika majani, wakapita malori ya mbao. Rosane alimenya chenza, akampa vipande vipande mdomoni, kama mama yake alivyokuwa anafanya, na labda hakujua kama anafanya hivyo. Mwanzo gari lilikwenda kwa kushtuka. Kisha likatulia. Walirudi jua linapungua.

Jioni Valmor akatoka. Rosane alikuwa jikoni anaosha vyombo, na kupitia dirishani alimwona akifungua boneti. Alimwona akitoa spana. Akasimama nayo. Rosane akafunga bomba ili asikie. Alitaka kupiga kelele, "Baba, acha!" Hakupiga. Aliona kwamba baba yake hatazami betri. Alikuwa anatazama dirisha la jikoni, anangoja.

Mwishowe boneti ikafungwa. Valmor akaingia, akavua kofia, akakaa mezani.

"Sikufungua," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Asubuhi jalidi ilikuwa nene kuliko ya siku zote. Valmor akapangusa kioo, akakaa, akazungusha ufunguo. Chini ya boneti kukasikika mlio mdogo wa kitangi kikimwaga petroli yake, kwa mara ya kwanza pale uani tangu baridi ianze. Injini ikakohoa, ikakohoa, ikashika. Moshi mweupe ukajaa uani.

Rosane akapiga makofi. Valmor alikuwa ameuma meno.

"Panda," akasema. "Tutachelewa."

Hawakuchelewa. Kanisani watu walikuwa wanapumua mvuke. Padri alikuwa kijana na alikuwa na kanisa lingine la kuwahi. Majina aliyasoma upesi. Jina la Nelci Antunes lilikuwa kati ya la mfuga ng'ombe mmoja na la mtoto mchanga, na kabla Valmor hajamaliza kuinamisha kichwa lilikuwa limekwisha kupita. Alikuwa amelitafuta tangu Mei, na lilichukua pumzi moja. Alitaka kumwambia padri arudie. Akakaza mikono juu ya kofia.

Baadaye alikaa kaburini mpaka nyama ya kuchoma ya waumini ikaanza kunukia kule kwenye banda la kanisa. Rosane akaja kumchukua.

"Haya, umeshinda," akasema. "Narudi na maboksi yangu."

"Moja niachie. La kuni."

Akamwachia. Alipoondoka alasiri, alishusha kioo cha gari lake.

"Baba, waya."

"Nimekusikia."

"Sijasema kitu bado."

"Nimekusikia hata hivyo."

Jioni ile Valmor alibaki peke yake. Akawasha jiko. Akaweka chungu. Akatoka uani, akafungua boneti, akatoa spana namba kumi, akalegeza waya, akauvua, akauweka pembeni. Akasimama mlangoni pa jikoni.

"Nimefungua," akasema. Kisha akala.

Jumatatu gari liligoma. Dirceu alipofika alikuta boneti wazi na mzee amekaa juu ya gogo na kibuyu chake cha chai. Hakuwa na haja ya kuuliza, lakini aliuliza.

"Umeuvua?"

"Nimeuvua."

"Baada ya yote yale?"

"Nyonya spiriti yote. Tia petroli."

"Mzee wangu! Uache tu waya mahali pake, utie spiriti kama watu wote, ulale! Kitu kidogo hivyo!"

"Siuachi."

"Kwa nini?"

Valmor akanyonya kibuyu mpaka kikalia.

"Nyonya, Dirceu."

Dirceu akaleta mpira na ndoo, akanyonya, akatema mate, akalaani. Spiriti ikaanza kuteremka, na harufu yake ikatanda uwanja mzima, kali, tamu, ya kilabuni.

Valmor akainuka kwenye gogo. Akaenda kufunga dirisha la jikoni.